Nyumba ya vipande sehemu kame: lori lilete paa, ukuta wa ndani utoke kwenye udongo wako

Swali: "Kaka habari za kazi. Nina kiwanja sehemu kame, mvua za kuhesabu, mchana jua linachoma, usiku baridi mpaka blanketi. Nataka nyumba ya vyumba viwili ya kuunganisha, ile inakuja imekatwa tayari kutoka kiwandani. Muuzaji anasema paneli za sentimita 5 zenye povu katikati zinatosha ukuta na paa, nikiona joto nifunge AC ndogo. Mi nataka nyumba isiyonila umeme wala maji, idumu mpaka wanangu waje wairithi. Nimwamini?"

Dada yangu, kazi inaenda salama, na asante sana umeuliza kabla hujalipa maana wengi wanakuja nyumba imeshasimama na hapo kinachobaki ni kupunguza maumivu tu. Kwenye sentimita 5 usimwamini, kwenye AC usimwamini, ila wazo lenyewe la nyumba ya vipande usilitupe, ni wazo zuri kabisa kwa sehemu kama yako ambako maji ya kuchanganyia zege yenyewe ni shida. Tatizo ni moja. Nyumba ya kiwandani watu wanaipendea wepesi, na sehemu kame inataka uzito. Huo uzito ukisema uje na lori utalipia mafuta ya kubeba udongo kuupeleka kwenye udongo, kwahiyo lori lilete vile vyepesi vinavyotaka vipimo vya kiwandani, na uzito uutoe hapohapo kiwanjani.

Ngoja nikueleze kwa nini, maana ukishaelewa hili hata muuzaji akija na maneno mengine utajua mwenyewe pa kumshika. Hewa yako ni kavu na mawingu hamna. Mchana jua linapiga ardhi bila kizuizi, usiku ardhi inatoa lile joto lote kuelekea angani bila kizuizi vilevile, ndo maana unatoka jasho saa nane mchana na saa kumi alfajiri unatafuta blanketi. Tofauti ya nyuzi 15 mpaka 20 kati ya mchana na usiku kwenye sehemu kame ni kitu cha kawaida. Watu wa sehemu zenye unyevu hawana hiyo bahati, usiku wao unakaribiana na mchana. Wewe kila usiku unaletewa ubaridi wa bure mlangoni, na kazi ya nyumba yako ni kuupokea, kuutunza, kisha kukurudishia kidogo kidogo mpaka jioni ya kesho.

Sasa paneli ya muuzaji inatunza wapi huo ubaridi? Bati mbili nyembamba na povu katikati, mita moja ya mraba haifiki hata kilo 12. Ukuta wa tofali za udongo wa sentimita 10 tu, mita hiyohiyo moja ni kama kilo 190. Povu linachelewesha joto kupita, hiyo ni kazi yake na inaifanya vizuri, ila halitunzi chochote. Ukifungua mlango asubuhi, ukipika, watu watano wakikaa ndani, ile hewa inapanda joto hapohapo kwa sababu hamna kitu cha kulimeza.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya aina hiyo, saa kumi jioni, na mpaka leo naikumbuka. Ukuta wa magharibi ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, nikaweka kiganja upande wa ndani nikakitoa haraka. Bati la nje lilikuwa limejitutumua katikati, ukiligonga linalia wazi, yaani gundi ilikuwa imeachia povu. Povu jeupe la kawaida, lile la kufungashia televisheni, linaanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na bati la rangi nzito kwenye jua kali linafika 70 na kitu mpaka hapohapo kwenye 80. Kwahiyo mtu aliyechagua ile rangi alikuwa anaivuta paneli mpaka ukingoni kila siku ya Mungu. Mama mwenye nyumba akanionyesha magodoro nje chini ya mti. AC ilikuwepo, ilikuwa inaunguruma, na wao wanalala nje. Ile hali inaniumiza kwa sababu ni familia iliyojinyima kujenga.

Usije ukadhani basi zege ndo jibu, kwa vile ni zito. Miaka ya 1960 kule Cairo, mjenzi Hassan Fathy na wenzake walijenga vijumba vya majaribio wakavipima joto. Kimoja cha tofali za udongo, kuta na paa la kuba unene wa sentimita 50, ndani kilikaa kati ya nyuzi 21 na 23 saa zote 24. Kingine cha paneli za zege za kiwandani unene wa sentimita 10, ndani kilifika nyuzi 36, yaani nyuzi 9 juu ya hewa ya nje. Ndani kuna joto kuliko nje! Ile zege ilikuwa nzito kiasi ila ilikuwa tupu juani, haina kivuli haina kizuia joto, ikameza jua na kulitema chumbani. Kwahiyo uzito peke yake haukuokoi, unataka uwekwe mahali pake. Mpangilio ni huu, kuanzia nje kuja ndani: kivuli, halafu kizuia joto, halafu uzito. Ukigeuza, uzito ukawa nje na povu ndani kama wengi wanavyofanya wakitaka kuokoa nyumba ya zamani, basi ule uzito unautunzia majirani, wewe ndani hauufaidi.

Tuanze na paa maana kwako ndo linakula jua kuliko ukuta wowote, hasa kama uko upande ambao jua linapita utosini. Chukua paa la mita za mraba 60, bati limefika nyuzi 70, ndani unataka 28. Kwa povu la sentimita 5 zinapita kama wati 1,900. Hiyo ni sawa na kuwasha pasi mbili juu ya dari na kuziacha mchana kutwa, halafu AC ndogo ndo ipambane nazo. Ukiweka sentimita 15 zinashuka mpaka kama 650. Ukiongeza paa la pili juu yake, bati jepesi tu jeupe limeinuliwa sentimita 15 au 20 upepo upite katikati, lile la chini linakuwa kivulini na hata likifika 45, unabaki na wati kama 260 au 270. Angalia hapo vizuri, kutoka pasi mbili mpaka taa chache za zamani, na hujawasha kitu chochote. Kizuia joto cha paa ukikichagua cha pamba ya mawe badala ya povu mi nitafurahi zaidi, hakishiki moto na nyuzi 80 hakizijui.

Paa la pili sio wazo langu. Mwaka 1949 Mfaransa Jean Prouvé alitengeneza nyumba za vipande vya chuma na alumini kwa ajili ya nchi za joto, zikakatwa zitoshe kwenye ndege ya mizigo, moja ikaenda kusimamishwa Niamey, Niger, mbili nyingine Brazzaville. Paa lake lilikuwa la tabaka mbili na hewa katikati, na kuzunguka nyumba kuna baraza yenye vizuia jua. Kwenye kivuli na hewa alipatia sana. Zile nyumba hazikuendelea kutengenezwa, zikaishia tatu. Mi nikiziangalia naona pia kuta zote nyepesi, na alumini iliyosafirishwa bara hadi bara, ikitoboka hamna fundi wa jirani mwenye hicho kipande. Hilo la fundi nitalirudia.

Rangi: nyeupe. Bati lisilopakwa, lile linalong'aa, linadanganya macho, linarudisha jua kiasi ila likishapata joto halilitoi haraka, linabaki limeungua. Nyeupe inarudisha jua na joto inalitoa pia. Vumbi litaipunguza nguvu kwahiyo mwaka mara moja lifagiliwe likiwa kavu, kabla ya mvua, na hilo vumbi hutaki liingie kwenye tangi la maji ya mvua pia.

Sasa uzito. Ndani ya ile ganda la paneli (ukuta wa nje ukiwa na kizuia joto cha sentimita 8 mpaka 10) jenga ukuta mwembamba wa tofali za udongo zilizoshindiliwa kwa mashine, sentimita 10 zinatosha, maana kwa mzunguko wa mchana na usiku joto haliingii kwa maana zaidi ya hapo. Sio lazima kila ukuta. Ukipata mita za mraba 60 jumla, pamoja na ule unaotenganisha vyumba, una kama tani 11 za udongo ndani ya nyumba. Zikipanda joto nyuzi 4 tu kati ya asubuhi na jioni zimemeza kama yuniti 11 za joto, kimya kimya, hazina kompresa, hazina bili. Mashine ya kushindilia kwa mkono ipo tangu miaka ya 1950, ya kwanza iliyovuma inaitwa CINVA-Ram, alibuni Raúl Ramírez kule Bogotá, Kolombia, na mpaka leo za namna hiyo zinachomelewa kwenye karakana za kawaida kabisa. Saruji unaweka asilimia 5 mpaka 8 hivi na tofali hazichomwi, kwahiyo hukati mti. Tafadhali msingi wa huu ukuta uchimbwe tangu mwanzo, usikubali fundi aje kuupachika juu ya sakafu ya mbao ya kiwandani, haitabeba.

Kabla ya hapo pima udongo, na hii unaifanya mwenyewe leo. Toa ule wa juu wenye mizizi, chimba kama nusu mita kwenda chini, jaza chupa ya kioo nusu, ongeza maji mpaka karibu na mdomo na chumvi kidogo, tikisa mpaka mkono uchoke, weka mezani usiiguse mpaka kesho. Mchanga unakaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Unataka mchanga uwe ndo mwingi kuliko vyote na mfinyanzi kama sehemu moja kwenye sita au saba. Ukiona mfinyanzi ni karibu nusu ya chupa simama kwanza. Na kama ni ule mweusi unaopasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi, huo ukinywa maji unavimba na kuinua nyumba, hapo hata msingi wa nyumba nyepesi unatakiwa kuchorwa upya, tofali tutatafuta udongo mwingine.

Haya, madirisha. Ule uzito ukiachwa bila hewa ya usiku ni kama tangi lisilojazwa. Unataka matundu ya aina mbili: ya chini upande upepo unakotoka, na ya juu kabisa karibu na dari upande wa pili, hewa ya moto itoke yenyewe. Usiku wazi, na saa mbili asubuhi funga kila kitu, vuta na pazia. Najua inaonekana ajabu kufunga madirisha joto linapoanza, ila mchana hewa ya nje ina joto kuliko ya kwako, ukifungua unaikaribisha. Nunua vipimajoto viwili, kimoja ndani kimoja nje kivulini, cha nje kikishuka chini ya cha ndani fungua, kikipanda funga, baada ya wiki mbili hata watoto watakuwa wanajua. Na hapa nakusihi: waagize kiwandani matundu yaje na nondo na wavu tayari, imara, ya kuachwa wazi usiku kucha. Nimeona nyumba iliyochorwa vizuri sana ikashindwa kwa sababu mwenye nyumba analala peke yake na watoto, anaogopa, anafunga kila kitu saa moja usiku. Hana kosa hata kidogo, mchoraji ndo hakumfikiria.

Kukaa kwa nyumba: pande ndefu ziangalie kaskazini na kusini, mashariki na magharibi usiweke dirisha kubwa, magharibi ndo kabisa, hapo weka stoo, choo, tangi, chochote ambacho hakilali.

Sasa nije kwenye kitu ambacho wauzaji hawakisemi na ndo kinaua hizi nyumba kabla ya miaka kumi, viungo. Chuma kikipata joto kinarefuka. Bati la mita 6, usiku nyuzi 10 mchana 70, linarefuka na kurudi zaidi ya milimita 4. La alumini karibu mara mbili ya hapo. Kila siku. Skrubu iliyokazwa kwenye tundu linalolingana nayo haina pa kwenda, kwahiyo linatanuka tundu, ile washa, yaani pete ya mpira ya skrubu, inapasuka kwa jua, na mwaka wa tatu au wa nne unaanza kuona mstari wa vumbi jekundu ndani chini ya kila skrubu. Mvua ya kwanza inafuata njia hiyohiyo. Dawa yake iko kwenye mchoro: matundu marefu upande mmoja, bati lipandane kwa kulaliana na sio kugusana vichwa, na kiungo kizuiwe na umbo lake, kwa mkunjo na kifuniko, sio kwa silikoni peke yake. Silikoni na povu la kupulizia vikiachwa juani usivitegemee, lile povu linageuka unga wa njano unaoutoa kwa kidole.

Mbao nazo zina la kwao. Mbao iliyokaushwa kwa kiwango cha sehemu zenye unyevu, asilimia 15 mpaka 18, ikifika kwako inaendelea kukauka mpaka kwenye 7 au 8, na ubao wa sentimita 15 unaweza kupungua milimita 3 kwa upana. Fremu ya mlango iliyokuwa imebana vizuri kiwandani inaachia upenyo wa kupitisha sarafu. Agiza mbao zilizokaushwa kwa tanuru mpaka kiwango cha hewa ya kwako, na zikae kiwanjani chini ya kivuli wiki mbili tatu kabla ya kufungwa. Mchwa pia, hilo unalijua, chini ya mbao yoyote paachwe zege au chuma pa kuonekana kwa macho.

Kama fremu ni za chuma chembamba muulize muuzaji kizuia joto kiko wapi. Akisema kiko katikati ya nguzo tu, mwambie aongeze tabaka lingine linalopita nje ya nguzo zote bila kukatika. Chuma kinapitisha joto zaidi ya mara elfu moja ya povu, kwahiyo kila nguzo ni njia ya mkato, na ule unene aliokuandikia kwenye karatasi unaweza kufanya kazi nusu tu.

Kontena la meli usinunue kwa ajili ya kuishi, labda liwe stoo. Upana wa ndani ni mita 2.35, ukishaweka vizuia joto pande zote mbili umebaki na kichochoro, na kila dirisha unalokata unaondoa nguvu ambayo inabidi uirudishe kwa chuma kingine.

Maji. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu haina ugumu. Lile paa la pili likitokeza pande zote na kufika mita za mraba 80, ukipata milimita 250 kwa mwaka, na ukaondoa moja ya tano inayopotea, unavuna lita 16,000. Kwa watu watano ni kama lita 9 kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia zinatosha, kuoga na kufua utafute chanzo kingine. Ila tangi liwe kubwa, maana kwako mvua haiji kwa mpangilio, inamwaga siku chache halafu inaaga. Kwa hiyohiyo sababu inua sakafu, sehemu kame ndo zenye mafuriko ya ghafla, ardhi ngumu hainywi. Jiko na bafu viweke mgongo kwa mgongo kwenye ukuta mmoja, hicho kipande kije kizima kutoka kiwandani na mabomba yake yote yameshapimwa kwa presha, hapo ndo kiwanda kinamshinda fundi wa kiwanjani kwa mbali. Maji ya bafu na kufulia yapeleke kwenye miti upande wa magharibi.

Sola funga kwenye lile paa la kivuli, lakini acha hewa chini yake, paneli inapoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi juu ya 25, ikifika 65 umepoteza asilimia 16. Ukifanya haya mengine yote hiyo sola itasukuma feni, friji na taa, AC hutaihitaji, au utaihitaji chumba kimoja siku chache za mwaka.

Na kudumu mpaka wanao wairithi, ndo pale niliposema nitarudi kwa fundi. Dai bolti, usikubali gundi. Paneli moja ikiharibika itoke bila kuvunja jirani yake, na urefu na unene wa bati, mbao na skrubu uwe ule unaopatikana popote pale mafundi walipo, sio kipande maalumu cha kiwanda kimoja, maana kiwanda kinaweza kufunga na nyumba yako bado iko kijana. Halafu nyumba nyepesi upepo unaiinua, kila nguzo ya paa ifungwe kwa bolti mpaka kwenye msingi wa zege, na lile paa la pili ndo zaidi, linashika upepo kama tanga.

Kwahiyo kesho ukikutana na muuzaji mwombe vitu vitatu kwa maandishi: mchoro wa kiungo cha paneli na paneli kwa ukubwa wa kuonekana, aina na unene wa kizuia joto cha paa na joto la juu kinachovumilia, na orodha ya skrubu na bati kwa vipimo. Akikataa kutoa mchoro wa kiungo usilipe. Akitoa, nitumie pamoja na picha ya ile chupa ya udongo ikishatulia, nami nitakuchorea ukuta wa ndani ukae wapi.